Shavu la Kushoto la Kinyozi

Watu husema kinyozi hajinyoi, na kwa miaka mingi kinyozi huyu aliichukulia methali hiyo kama tusi la wasiojua kazi. Yeye alikuwa anajinyoa. Kila asubuhi alinoa wembe kwenye ukanda wa ngozi uliotundikwa nyuma ya mlango, akajipaka povu, akajinyoa mbele ya kioo kikubwa cha duka, mlango ukiwa wazi ili kila apitaye aone. Wembe wangu hugusa ngozi yangu kwanza, alikuwa akiwaambia wateja. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya duka, na kwa sababu hiyo wanaume walilaza shingo zao kwenye kiti chake bila wasiwasi.

Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyetaka aaminiwe kiasi hicho, mwenyewe hakukiamini hata kivuli chake. Maziwa aliyanusa kabla ya kuyachemsha na akayanusa tena yakishachemka. Fundi wa umeme alipokuja kubadili taa, kinyozi alisimama chini ya ngazi, shingo juu, mpaka fundi akashuka. Mkewe, mpishi wa shule, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa, alikuwa akisema kwamba siku mumewe akifika peponi ataomba kwanza aonyeshwe hati ya kiwanja.

Basi maradhi nayo yakamchagua mtu wa namna hiyo.

Yalianza kwa maji ya baridi. Alikuwa ananawa uso, na mara kitu kama umeme kikampiga kutoka kwenye sikio la kushoto mpaka kwenye kona ya mdomo, kikaondoka kabla hajajua apige kelele au asipige. Kikamrudia akipiga mswaki, kisha akitafuna, kisha akicheka. Ikafika mahali hata upepo wa feni ukimpitia shavuni, anapigwa palepale. Kati ya pigo moja na jingine alikuwa mzima kabisa, na hilo ndilo lililomtia shaka kuliko yote. Ugonjwa wa kweli, alijiambia, hukaa. Huu ulikuwa unakuja na kuondoka kama mtu anayechungulia dirishani.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Huyo mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa duka lake lilikuwa na redio isiyozimwa na mwenyewe hakuwa anazimika. Alikuwa amefungua duka muda mfupi tu kabla umeme ule haujaanza. Kinyozi aliyaunganisha mambo hayo mawili na akapata jibu alilokuwa analitaka.

Jibu, hata hivyo, halitibu. Akaenda kwa daktari wa meno, naye akasema ni jino, akaling'oa, akaahidi kwamba yamekwisha. Hayakwisha. Akang'oa la pili kwa ahadi ileile. Kinyozi aliyabeba meno yake hadi nyumbani, akayageuza-geuza kwenye mwanga, na hakuona hata tundu la kupitisha sindano. Muuza miti shamba naye akaahidi, akampa dawa ya kupaka, na hiyo kuipaka kwenyewe kulikuwa adhabu, maana shavu halikukubali kuguswa hata kwa ncha ya kidole. Shemeji yake akasema ni baridi tu, avae kofia. Kila aliyeulizwa alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuja na ahadi.

Shavu la kushoto likaacha kunyolewa. La kulia aliendelea kulinyoa kila asubuhi, laini kama sahani, na la kushoto likaota msitu. Kinyozi mwenye ndevu nusu ni kama mwashi anayelala kwenye nyumba isiyo na paa; watu walicheka, na walikuwa na haki. Redio ndiye aliyempachika jina la Nusu. Hilo halikuwa la kushukiwa tu, watu walimsikia kwa masikio yao.

Lakini kicheko si kitu. Kilichomvunja ni siku ya mwalimu mstaafu, mteja wake wa tangu zamani, aliyependa ndevu zake zichongwe kwa wembe chini ya sikio. Kinyozi alikuwa ameinama, mkono umetulia, pumzi ameibana. Feni ikageuka. Umeme ukampiga, mkono ukaruka, na chini ya sikio la mwalimu ukatokea mstari mwembamba mwekundu.  Mwalimu alijifuta kwa taulo, akashukuru kwa adabu, na mara nyingine kinyozi alipomwona alikuwa ng'ambo, kwenye kiti cha Redio.

Jioni hiyo kinyozi aliufuta wembe, akaukunja, akauweka ndani ya bati la biskuti, akafunika. Akamwambia mkewe kwamba hautatoka humo mpaka upite kwanza kwenye shavu lake la kushoto, kwa sababu sheria ya duka ni sheria. Akabaki na mashine ya umeme tu. Ila mashine kila mtu anayo siku hizi, na wateja wa ndevu, ambao ndio walikuwa chakula cha nyumba, wakaanza kuvuka barabara mmoja mmoja.

Mkewe alikaa na jambo hilo kwa muda, kisha akalisema wakati anamenya viazi. "Baba watoto, umeshampa kila mtu nafasi ya kukudanganya. Mpe basi na mmoja aliyesomea mishipa."

Hospitalini alikuta daktari ni binti mdogo, na hilo nalo akalitia kwenye mizani. Daktari hakumfungua mdomo. Alimuuliza maumivu yanadumu kiasi gani, yanaletwa na nini, yanapita njia gani. Akamgusa kwa pamba upande mmoja wa uso, na upande wa pili akamwomba ruhusa kwanza. Akasema meno hayakuwa na kosa lolote. Ni mshipa wa fahamu wa uso, unapiga kelele bila kuchokozwa. Akamwandikia vidonge.

Kwenye dirisha la dawa, muuza dawa aliipokea karatasi, akaleta paketi, na katika kupiga soga akamuuliza ni nani nyumbani ana kifafa.

Kinyozi alitoka pale paketi ameificha kwapani. Kumbe ndiyo hivyo. Ama daktari amekosea, ama amejua jambo na akamficha. Na ikivuma mtaani kwamba Nusu anakunywa dawa za kifafa, ni mwanamume gani atamlazia shingo tena maishani? Hakumwambia mkewe. Vidonge alivificha kwenye bati la biskuti, pamoja na wembe, na akawa anavimeza kama watu wanavyomeza vya kichwa: akipigwa, anakimbilia bati. Kidonge kikifika tumboni, pigo limeshaondoka. Na pigo jingine likitaka kuja lilikuja bila kujali kidonge. Akahitimisha kwamba binti yule naye ni wale wale.

Alirudi hospitali si kwa matumaini bali kwa ugomvi. Aliweka paketi juu ya meza, akasema anaumwa shavu, hana kifafa, na angependa kujua anafanyiwa nini. Daktari hakukasirika. Alimweleza kwamba dawa hiyo hutuliza mishipa inayojipigia kelele, iwe kichwani au usoni, na ndiyo inayoanziwa kwa maradhi yake. Kisha akamuuliza anaimezaje. Alipojibiwa, alitikisa kichwa taratibu.

"Hii haimkimbizi mwizi, baba. Hii ni ya kulinda mlango. Unameza kila siku kwa saa zake, uumwe usiumwe, na tunapandisha kidogo kidogo huku tunapima damu. Usiache ghafla bila kuniambia. Utasikia usingizi mwanzoni, kwa hiyo wembe usishike."

"Na nitapona?"

"Sijui. Wengi hupata nafuu kubwa. Ikikataa hii, zipo nyingine, na zikikataa upo upasuaji. Kupona sikuahidi. Ninachojua ni kwamba njia hazijaisha."

Kinyozi alimtazama kwa muda mrefu, akitafuta mtego ulipo. Wote waliomwahidi walikuwa wamemwacha alivyo, mmoja akampunguzia na meno mawili. Huyu alikuwa wa kwanza kumwambia sijui. Alijikuta anamwamini, na akaona haya kidogo, kama mtu aliyekamatwa anaimba peke yake. Siku hiyo alimwonyesha mkewe bati na kila kilichomo, ila akamwapisha kwamba habari ya vidonge haitavuka kizingiti.

Usingizi ukaja kama alivyoambiwa. Mchana, duka likiwa tupu, alijilaza kwenye benchi nyuma ya pazia. Na hapo ndipo alipoona jambo geni: redio ya ng'ambo, iliyokuwa ikitingisha vioo tangu siku ya kwanza, ilikuwa imepunguzwa. Kila mchana, mara tu anapojilaza, sauti inashuka. Kinyozi alilala jicho moja wazi. Mtu hapunguzi redio bure, aliwaza. Anapunguza ili asikilize. Kisha, kupitia tundu la pazia, akamwona mkewe mwenyewe anatoka katika duka la Redio, kikapu mkononi. Alipomuuliza jioni, mkewe alisema alikuwa anapita tu. Anapita, ndani ya duka la kinyozi, mwanamke mwenye nywele zilizosukwa. Ule usingizi wa dawa wenyewe usiku huo ulimpa kisogo.

Katikati ya shaka hizo zote, mapigo yalianza kupungua. Hakuona yalipoanza kupungua. Aliona siku moja tu kwamba ametafuna karanga upande wa kushoto na hakuna aliyemwadhibu. Hakufurahi. Aliyashuku. Yamekwenda wapi, na yanapanga nini huko? Daktari alisema ni nafuu, aendelee. Usingizi nao ulipopungua, akamruhusu kushika wembe, kwa sharti kwamba mapigo yakirudi auweke chini.

Akafungua bati. Akanoa, akajipaka povu kwa brashi, uso mzima, kwa mara ya kwanza tangu maradhi yaanze. Upande wa kulia ukapita. Upande wa kushoto mkono ulikwenda vizuri mpaka ukafika karibu na ngozi, ukasimama. Alijaribu tena, ukasimama palepale. Shavu lilikuwa kimya. Mkono ndio ulioogopa. Akanawa povu, na machozi yakaondoka pamoja nalo. Mkewe aliyekuwa mlangoni akasema angemnyoa yeye, na kinyozi akamkumbusha alivyomkata kuku.

"Basi mimi sina la kusema," mkewe akajibu. "Ila kinyozi hajinyoi. Na mwenye wembe mwingine yuko hapo mbele."

Alivuka barabara asubuhi, wembe wake mwenyewe mfukoni, kwa sababu wa Redio asingeuamini. Redio alikuwa katikati ya habari ndefu na mwalimu mstaafu. Alipomwona aliikata katikati, jambo ambalo halijapata kutokea. Kinyozi akakaa kwenye kiti, akamkabidhi wembe, akamwambia anyoe kushoto.

Kulaza shingo nyuma, koo juu, mbele ya mtu uliyemshuku kwa muda wote huo, si kazi ndogo. Sasa kinyozi alielewa wateja wake walikuwa wanampa nini kila siku. Redio alipaka povu kwa vidole vyepesi, kisha akasita.

"Jirani, nikikuumiza?"

"Utajua."

Redio akanyoosha mkono kwanza, akaizima kabisa redio.

"Hata ikiwa sauti ya chini nilikuwa nimeizoea," akasema. "Mkeo alikuja kuniomba niipunguze mchana. Alisema una uchovu, unalala. Hakusema zaidi, nami sikuuliza."

 Kinyozi alifumba macho, na mikono yake ikashika kiti. Wembe ukagusa chini ya sikio. Aliusubiri umeme, mwili mzima umekazwa. Wembe ukashuka hadi kwenye taya, ukarudi juu, ukapita karibu na mdomo. Umeme haukuja. Mwalimu mstaafu kwenye benchi alikuwa ameacha gazeti.

Redio alimfuta kwa taulo ya uvuguvugu, akamgeuzia kioo. Shavu la kushoto lilikuwa limefifia, rangi tofauti kabisa na la kulia, kwa kutoonana na jua. Kinyozi akasogea karibu na kioo, akakunja uso.

"Umeacha hapa, chini ya sikio."

"Sijaacha."

"Umeacha. Nakuambia umeacha."

Akaupeleka mkono kuhakikisha. Vidole vikapita chini ya sikio, vikafuata taya, vikapanda shavuni kinyume cha ndevu, jinsi fundi anavyokagua kazi ya fundi mwingine. Vilikuwa vimefika karibu na pua alipotambua ni shavu gani lililokuwa mkononi mwake. Akaganda. 

Kisha akaanza upya, kwa kiganja kizima, polepole, akitafuta kosa.