Mama Aliyeuliza Kuhusu Ngazi

Wiki jana nilipanga laini katika ofisi ya safari hapa Kisumu, hasira zikinipanda, kwa sababu mama aliyekuwa mbele yangu hakuwa na haraka hata kidogo. Alitaka kumpeleka mumewe Pwani: siku tatu ufuoni Malindi, na siku moja kwenye magofu ya mji wa kale. Mzee alikuwa kando yake kwenye kiti cha magurudumu, kofia imemshukia hadi kwenye nyusi.

"Kwa hayo magofu kuko na ngazi?" mama akauliza.

Karani akatabasamu. "Hakuna shida, Mama."

"Sijauliza shida. Nimeuliza ngazi."

"Niache tu kwa gari," mzee akasema. "Nitakula samaki."

"Samaki umekula hapa maisha yako yote. Hayo magofu umefundisha watoto miaka mingi na hujayaona hata siku moja."

Karani akaona haya, akampigia simu mwongozaji wa huko, akaweka spika.

"Kiti kitafika hadi msikiti wa zamani," sauti ikasema. "Kutoka hapo ni mizizi na mawe. Hakiwezi."

Nilidhani safari imekufa. Mama akainua kofia ya mumewe kwa kidole, amwone macho. "Umesikia? Tutafika msikitini."

"Basi tukae hapo sana," mzee akajibu.

"Andika watu wawili," mama akamwambia karani.

Ningekuwa na kampuni, yule mwongozaji ningemwajiri leo. Sijaona mwingine aliyeuza safari kwa kutaja mahali inapoishia.