Mmiliki Mmoja Tangu Jipya

Watu wakinikuta sokoni Bukoba bado wananiuliza, "Mwalimu, ile Benzi iko wapi siku hizi?" Nawajibu vibaya. Mmoja nilimwambia imekwenda kutubu. Mwingine nilimwambia akaulize serikali. Mama mmoja anayeuza ndizi mbivu karibu na stendi nilimwambia imekufa, akanipa pole kwa mikono miwili. Sikumsahihisha.

Gari lilikuwa la baba yangu. Tata alilinunua jipya, enzi zile kahawa ilikuwa kahawa kweli, likaja kwa meli kutoka Mwanza, jeusi, viti vya ngozi nyekundu. Wanasema siku alipopanda nalo hadi kwetu Izigo watu walijipanga barabarani kama wanampokea askofu. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama, kwa hiyo nasema nilivyoambiwa. Bei ya kahawa ilipoanguka na spea zikakosekana, gari likasukumwa bandani, katikati ya kibanja, shamba letu la nyumbani, migomba ikalizunguka. Lilikaa humo zaidi ya miaka ishirini. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma.

Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mzima, ndoa imenishinda, nafundisha fizikia sekondari. Kwetu binti aliyerudi nyumbani anapewa chumba na sahani. Neno hapewi. Basi jioni nikitoka shule nikawa natafuta kitu cha kufanya kwa mikono yangu, nisije nikagombana na kila mtu. Nikaanza kwa kuwafukuza kuku.

Ilinichukua miaka tisa. Injini tuliishusha kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti za banda, boriti moja ikapasuka, almanusura nipoteze mguu. Fundi bodi kutoka Kanazi alinyoosha milango na kuziba kutu; kupiga msasa nilipiga mwenyewe, msasa wa maji, mpaka kucha zikaisha na wanafunzi wakawa wananicheka nikishika chaki. Kabureta niliifungua mara sita juu ya meza ya jikoni. Mshahara wangu uliingia mle wote, wala sijuti hilo.

Tata hakujua kufungua hata nati moja. Alikuwa anakaa kwenye benchi na kikombe chake cha lubisi, pombe ya ndizi, anasikiliza. Ukiwasha anatikisa kichwa. "Siyo sauti yake hiyo. Yake ilikuwa inaguna, hii inakohoa." Nilikuwa nakasirika! Namwambia, "Tata, injini haigunii mtu, injini ina mipigo." Naye anasema, "Haya, fizikia, washa tena." Jioni ile ilipoguna aliweka kikombe chini, akasimama, akashika bampa kwa mkono mmoja. Nilijua nimefaulu.

Hapa Bukoba tuna klabu ya wenye magari ya zamani. Si kubwa. Mwenyekiti ni mchungaji mstaafu mwenye Pijo ya kijivu. Wengine ni daktari, wafanyabiashara wawili watatu, na watoto wa watu waliokuwa na hela zamani. Jumamosi moja kila mwezi tunakutana kando ya ziwa, tunafungua boneti, tunabishana kuhusu skrubu, tunakula samaki. Mwanachama alikuwa Tata, kwa sababu mwenye gari ni yeye. Mimi walinifanya katibu kwa sababu najua kuandika na najua kufoka.

Kazi ile niliipenda kupita kiasi. Kila gari nililifungulia faili: namba ya chesisi, namba ya injini, picha za kila kipande kabla ya kukiondoa na baada ya kukirudisha, halafu maisha ya gari, kama mwenyewe anavyoyasimulia. Kanuni nilizitunga mimi. Jina linaloandikwa ni la kwenye kadi ya gari, hadithi za mdomo hazitakiwi. Gari likiuzwa, faili linalifuata, kama kadi ya kliniki inavyomfuata mtoto. Na tukaweka madaraja. Daraja la juu kabisa ni la gari ambalo halijawahi kubadili mikono, yaani lina mmiliki mmoja tangu jipya.

Katika klabu nzima lilikuwepo moja tu. Letu. Jamani, nilivyoringa! Tukisimama kando ya ziwa wageni wakaja kuchungulia, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema, "Hili halijawahi kuuzwa."

Sasa nieleze kosa langu, na nilieleze lilivyo. Tata alitaka kunipa lile gari. Hakulizungushia maneno. Asubuhi moja tunakunywa chai akasema, "Mwanangu, vaa viatu twende mjini tukabadili kadi. Liandikwe jina lako."

Nikamwambia, "Tata, tukibadili kadi tutakuwa na wamiliki wawili. Tutashuka daraja."

"Daraja gani?"

"La klabu."

Akanitazama. "Kwa hiyo tungoje nini? Ningoje nife?"

Tukacheka wote wawili. Nikamwambia tungoje mkutano mkubwa, kwa sababu klabu za mikoa mingine zilikuwa zinakuja Bukoba kukagua magari, na nilitaka wakague likiwa na daraja lake. Walikuja, wakakagua, wakasoma faili langu ukurasa kwa ukurasa, wakatupa kibao cha shaba. Tata akaniuliza tena. Nikasema safari hii tungoje kidogo, kibao bado kipya. Mara ya tatu aliniuliza akiwa kitandani, msimu wa senene, watoto wanapiga kelele nje na ndoo zao. Nikamwambia, "Pona kwanza, tutakwenda." Hakupona.

Nimezaliwa Mhaya, mila naijua. Baada ya mazishi ukoo ulikaa uani, baba mdogo ndiye anayeongoza. Mdogo wangu wa kiume anayekaa Dar es Salaam akatajwa kuwa musika, mrithi mkuu. Akavishwa koti la marehemu, akakalishwa kwenye kiti chake. Hilo sikuwa na ugomvi nalo. Kibanja ni chake, nyumba ni yake, na mimi chumba changu hakuna aliyekigusa. Lakini lilipofika suala la gari nikasimama.

Nikawaambia gari nimelifufua mimi. Nikaingia ndani nikaleta faili, kubwa, lina picha za miaka tisa, mikono yangu imo humo kila ukurasa imejaa grisi. Nikapiga magoti nikamkabidhi baba mdogo. Nilijua akifungua tu, basi.

Alivaa miwani. Hakuziangalia picha. Alifungua ukurasa wa kwanza akasoma kwa sauti, polepole: jina la Tata, kisha maneno niliyoyaandika kwa wino mweusi na kuyapigia mstari mara mbili, "Mmiliki mmoja tangu jipya hadi leo."

"Mwandiko huu wa nani?" akauliza.

"Wangu, waitu," nikamjibu kwa heshima ya kwetu.

"Basi umeshatuamulia, binti. Tubishe nini?"

Nikasema Tata alitaka kunipa, aliniambia mara tatu. Shangazi mmoja akauliza kama kuna shahidi. Shahidi angetoka wapi, tulikuwa wawili na birika la chai? Na ningewaambia nini walipouliza kwa nini sikukubali? Nilijaribu. Nilitaja daraja la klabu, na mzee mmoja akamgeukia mwenzake akamuuliza daraja ni nini, la mto? Watu wakacheka, kicheko kidogo cha msibani. Nikakaa chini. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Hili langu nimelila peke yangu.

Kuna walioniambia niende mahakamani. Niende nikasomewe mwandiko wangu mara ya pili?

Mdogo wangu si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia. Alikaa wiki mbili, akaliendesha gari mara moja hadi Muleba na kurudi, akasema usukani mzito. Kisha akanifuata jikoni. "Dada, mimi nakaa nyumba ya kupanga, gari hili nitaliweka wapi? Na gari si mtu." Alikuwa amempata mnunuzi, tajiri anayekusanya magari ya zamani, na kilichomvutia yule tajiri ni neno moja: halijawahi kuuzwa. Alikuwa tayari kulinunua bila kuliona, mradi faili lije pamoja nalo.

Faili langu ndilo lililoliuza. Tena lilikuwa na sauti ya Tata ndani, kurasa kumi na nne, habari ya meli na ya askofu na ya kuguna, nimeziandika anavyosema, Kihaya pale Kiswahili kilipomshinda. Ningeweza kuzichomoa. Ningeweza hata kuzipiga picha kwa simu, mtoto wa darasa la tano angeliwaza hilo. Lakini nilikuwa nina hasira na mimi mwenyewe, na hasira yangu ikajifanya uadilifu. Nikasema kanuni ni kanuni. Nikalifunga faili kwa kamba ya katani, nikamtupia mdogo wangu kitini. Leo ningeipigia magoti dunia nzima nizipate zile kurasa kumi na nne.

Lori lilikuja kulichukua mvua inanyesha. Dereva hakujua kuliwasha, akawa anasumbua stata, ikabidi nitoke na khanga kichwani nimwonyeshe: kanyaga mafuta mara mbili, achia, hesabu mpaka tatu, ndipo uwashe. Likaguna. Nikalipandisha kwenye lori mimi mwenyewe, kwa sababu yeye angelikwaruza.

Mwezi uliofuata nilikwenda klabuni kwa bodaboda. Mwenyekiti alitusimamisha dakika moja kwa ajili ya Tata, akaomba vizuri, Mungu ambariki. Kisha akaniambia nilifute jina la marehemu kwenye orodha ya wanachama. Nikalifuta kwa rula. Akawa anakohoakohoa, anazungusha kalamu, mpaka daktari akamsaidia: kwa mujibu wa katiba, mwanachama ni mwenye gari. Katiba niliitunga mimi. Wakasema lakini mwalimu aendelee kutuandikia leo, mpaka apatikane katibu mwingine, nani mwingine ana mwandiko kama wake.

Nikaandika tarehe na mahali. Nikaandika majina yao wote chini ya Waliohudhuria. Kisha nikaruka mstari, nikaandika Waalikwa, na chini yake nikaandika jina langu. Mwenyekiti akaomba nisome. Nikasoma kwa sauti mpaka mwisho. Akauliza kama kuna masahihisho, na hapakuwa na masahihisho.