Nimeuza nyumba Birmingham ili nirudi Tanga: jinsi sinia la chakula lilivyofuta kodi ya pauni elfu kumi

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumanne, nilimtumia mhasibu jedwali lenye majina ya watu kumi na mmoja. Saa nane kasoro siku hiyohiyo akanijibu kwamba nikiuza nyumba yangu nitadaiwa kodi ya pauni 10,140.

Wakuu, salamu kwenu mlio nyumbani na mlio ughaibuni. Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, ila hili nimeona nilitoe kama lilivyotokea, bila chumvi. Tarakimu ni zangu, majina ya watu nimeyabadilisha.

Kwanza mnijue kidogo.

Nina miaka hamsini na mbili, mtu wa Tanga. Birmingham nina mwaka wa ishirini na nne. Kazi yangu ni stoo ya vipuri kwenye karakana ya mabasi. Chuo sikusoma. Ninachokijua nimejisomea mwenyewe kwenye mapumziko ya chakula cha mchana: umeme wa nyumbani, hesabu za riba, na mambo ya sheria za nyumba kidogo kidogo.

Nina tabia moja, naandika kila kitu. Stoo ndiyo iliyonifunza. Kifaa kikitoka bila kuandikwa, kwetu kimeibiwa.

Tabia hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nyumba yenyewe iko Balsall Heath, zile nyumba za matofali mekundu zilizoungana ukuta mtaa mzima. Vyumba vitatu juu, sebule na jiko chini. Niliinunua miaka ishirini na moja iliyopita kwa mortgage, yaani mkopo wa nyumba, mke wangu akiwa bado hajaja (alikuja mwaka uleule), kwa hiyo ipo kwa jina langu peke yangu.

Mwaka huu tuliamua kurudi Tanga moja kwa moja.

Kule tuna nyumba tuliyoijenga kwa awamu, imefika kwenye lenta ikasimama. Ilikuwa imebaki kupaua. Na mke wangu, Mama Salha, alishaweka msimamo wake mapema:

"Mimi kwa wifi sikai. Hata wiki moja. Ukinitajia tiketi, nitakuuliza bati liko wapi."

Mtasema, umeuza nyumba Uingereza utakosaje pesa ya bati? Wakuu, mortgage yangu niliikopa upya mara mbili, mara moja kwa matibabu ya marehemu mama, mara ya pili kuanzisha hiyo nyumba ya Tanga. Kuna hela ya binti yetu Salha, tulimuahidi mchango wa kuanzia nyumba yake ya Longbridge. Kuna kontena la mizigo. Kuna mtaji wa duka la vipuri. Kila pauni ilikuwa na kazi yake tayari, na fungu la paa lilikuwa pauni elfu kumi na kidogo.

Yaani ile kodi ilikuwa paa letu, kwa kipimo kilekile.

Sasa nieleze kodi yenyewe kwa ufupi. Hapa ukiuza mali kwa faida kuna capital gains tax. Nyumba uliyoishi mwenyewe muda wote husamehewa. Lakini ukiwa umepangisha sehemu ya nyumba kwa mtu anayejitegemea humo, sehemu ile haisamehewi. Faida yangu baada ya kutoa gharama za kununua na kuuza ilikuwa pauni 150,000. Mhasibu akachukua theluthi moja, chumba kimoja kati ya vitatu, akatoa kile kiasi kinachosamehewa kila mtu kwa mwaka, iliyobaki akaipigia asilimia 18 kwa sehemu na asilimia 24 kwa sehemu kufuatana na mshahara wangu. Ikatoka 10,140.

Theluthi hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwangu mimi.

Wengi wenu mnaujua utaratibu wetu huku. Mtu akitua, iwe katokea Tanga, Unguja, Mombasa au Bukavu, lazima pawepo na kitanda kinachomsubiri kwa mtu fulani. Kwetu palikuwa chumba cha nyuma. Mgeni anakaa bure mpaka apate mshahara wa kwanza. Baada ya hapo anatoa kitu kila wiki, si kwa sababu tunamdai, bali kwa sababu mtu mzima akila bure muda mrefu anaanza kutembea kwa kunyata ndani ya nyumba. Wengi walitoa pauni arobaini. Akipata pa kwake anaondoka, chumba kinapumzika wiki mbili tatu, anakuja mwingine.

Chumba kimoja, kitanda kimoja, mgeni mmoja kwa wakati. Miaka ishirini na moja, watu kumi na mmoja.

Mhasibu aliponiuliza kama sehemu ya nyumba iliwahi kupangishwa, ningeweza kusema hapana nikalala vizuri. Lakini nina daftari. Nikaketi, nikachora jedwali safi: jina, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, kiasi kwa wiki. Juu yake nikaandika kwa herufi kubwa TENANTS, yaani wapangaji, maana niliona ndilo neno la kiofisi.

Mhasibu, kijana wa watu, alifanyia kazi alichopewa. Simlaumu.

Jioni nikampa Mama Salha habari. Nilidhani atalia kwa ajili ya paa. Yeye akaomba kwanza aone hilo jedwali. Akavaa miwani, akapitisha kidole jina kwa jina, akasimama kwenye la nne.

"Huyu si Rukia?"

"Ndiye."

"Mdogo wangu, tumbo moja. Umemwandika mpangaji?"

"Alikuwa anatoa arobaini kwa wiki."

"Alikuwa anatoa arobaini, na mimi namrudishia ishirini kwenye pochi asijue. Hiyo mbona hukuiandika, bwana stoo?"

Kwa kweli nilikuwa sijui.

Akaendelea kushuka. "Na huyu Mkongo, Papa Gloire. Huyu siku ya kwanza alitaka kupika mwenyewe, nikamnyang'anya sufuria. Mpangaji gani ananyang'anywa sufuria?"

Salha alikuwa amekuja kututembelea, yuko kwenye kochi na simu yake. Huyu tumemzaa hapahapa, Kiswahili anakielewa chote ila anajibu kwa lugha yake. Hata hakuinua kichwa.

"Dad, they literally ate with us. Every day. I had to share my chicken."

Eti walikula nasi kila siku, hadi kuku wake akagawana nao. Nikacheka kidogo, halafu nikaacha kucheka. Nilijiambia, hebu nikasome sheria yenyewe badala ya kusoma barua ya mhasibu.

Jumamosi nzima nilisoma miongozo ya serikali kuhusu nyumba ya kuishi. Kurasa ni nyingi na lugha ni kavu, lakini mtu aliyezoea kusoma katalogi za breki za mabasi hashindwi. Nikafika mahali panapozungumzia mtu mmoja aliyepokewa nyumbani kwa malipo. Panasema, kwa maneno yangu, kwamba ikiwa mtu huyo anaishi kama mmoja wa familia, anatumia sebule na jiko lenu na anakula pamoja nanyi, basi hakuna sehemu ya nyumba inayohesabika kuwa imeacha kuwa makazi yako. Msamaha unabaki mzima.

Nilirudia mara tatu. Anakula pamoja nanyi.

Nikashuka jikoni. Mama Salha alikuwa anapakua wali kwenye sinia, lilelile tunalolia miaka yote, la bati lenye ua la bluu lililochubuka katikati. Nikamwambia hilo sinia ndilo utetezi wetu. Akasema nisishinde njaa nikaanza kuota mchana, nikanawe mikono.

Lakini mimi si mtu wa kuamini macho yangu peke yake. Nilimtafuta mshauri wa kodi, mama mmoja wa Kipakistani, tumuite Bi Nasreen, ofisi yake iko juu ya duka la vitambaa. Alisoma jedwali langu, akalipindua uso chini.

"Sahau hili," akasema. "Nijibu maswali. Chumba kilikuwa na kufuli?"

"Hapana. Mlango wenyewe haufungi vizuri."

"Jiko lao wenyewe?"

"Hapana."

"Mkataba?"

"Hapana."

"Chakula?"

"Sinia moja, sote tunazunguka."

Akaniangalia. "Wote kumi na mmoja?"

Hapo nikasita, maana nilikuwa nimeapa moyoni kutosema uongo. Mmoja, Hamza, kijana wa Unguja, aliwahi kukaa miezi saba bila kuketi nasi kwenye sinia siku za kazi. Alikuwa anafanya kazi ghalani, anaingia zamu wakati sisi tunakula. Nikamwambia Bi Nasreen ukweli huo.

"Basi alikuwa anakula nini?"

"Mke wangu alimfunikia. Alikuwa anaikuta sahani yake jikoni."

Bi Nasreen alicheka mpaka akavua miwani. Akasema mama yake alimfunikia kaka yake sahani miaka tisa, na hakuna aliyewahi kusema kaka yake si mtu wa nyumba ile. Kuwa na zamu ya kazi hakumtoi mtu kwenye familia.

Akaniambia na mengine mawili. Kwamba hata hesabu ya mhasibu ilikuwa na kasoro, kwani miezi tisa ya mwisho kabla ya kuuza husamehewa kwa nyumba uliyowahi kuishi, na yeye hakuitoa. Na kwamba zile arobaini kwa wiki hazikunitia hatiani upande wa kodi ya mapato, maana kuna kiwango cha mwaka kinachosamehewa kwa mtu anayepokea mgeni wa kulipa ndani ya nyumba yake, na sisi hatukuwahi kukikaribia.

Ushauri wake ulikuwa nikusanye barua fupi kutoka kwa waliokaa kwetu, niziweke kwenye faili. Si kwamba kuna aliyeziomba. Ni kwamba siku ikiulizwa nikiwa Tanga, nisianze kumtafuta mtu.

Wakuu, sehemu hii ndiyo niliyoifurahia kuliko zote.

Nilianza na Papa Gloire, ambaye sasa anaishi Castle Vale na mke na watoto wanne, na ni mzee wa kanisa. Nilimweleza kwenye simu. Akanikatiza:

"Attends, ngoja kaka. Serikali inataka kujua kama nilikulaka kwako?"

"Ndiyo."

"Mi nilikulaka kwenu miaka mbili. Hata siku moja sikupikaka. Mama Salha alinikataza kugusa moto. Mwezi wa Ramadhani, mi Mkristo, nilikuwa nangojea futari kushinda nyinyi wote. Niandike hiyo pia?"

Nikamwambia aandike hiyo kabisa. Aliandika ukurasa mzima, nusu Kifaransa, akamalizia kwa kumuomba Mama Salha maelekezo ya kupika mchuzi wa nazi, eti mke wake amechoka kusikia habari za mchuzi huo.

Rukia, tulipomfunulia siri ya pochi, aliandika mistari miwili na kudai ishirini zake zilizobaki. Hamza yuko Leicester, ana watoto, akasema hakuwahi kujua nani alikuwa anafunika ile sahani, alidhani tulikuwa tunapeana zamu. Zikaja barua tisa kati ya kumi na moja. Wawili sikuwapata, mmoja yuko Kanada na mwingine namba imekufa.

Mama Salha alizisoma zote siku moja, sebuleni, kwa sauti. Alikuwa anasimama kila barua kusahihisha: huyu hakula maharage kama anavyodai, huyu ndiye aliyevunja bakuli la harusi. Miaka ishirini na moja nilikuwa naandika arobaini, arobaini, arobaini, na kazi yote aliyoifanya yeye haikuwa na safu kwenye daftari langu.

Nyumba imeuzwa. Tuliuza tukiwa bado wakazi wa hapa, na hili nawasisitizia wenye mpango kama wangu. Nilitaka kwanza kuondoka niuze nikiwa Tanga. Bi Nasreen alinizuia: ukishakuwa si mkazi, lazima utoe taarifa ya mauzo ndani ya siku sitini hata kama hudaiwi chochote, na ukichelewa kuna faini. Sisi, kwa kuwa msamaha umefunika nyumba nzima, hatukuwa na taarifa ya kutoa.

Mafundi Tanga wameanza kupaua. Jana wametuma video, bati za kijani. Mama Salha ameitazama mara nyingi kuliko mimi, na leo asubuhi yeye ndiye aliyeniuliza bei za tiketi.

Nilichojifunza: ofisi ikikuuliza, eleza kilichotokea. Nani aliingia, alilala wapi, alikula wapi, alitoa nini. Jina la kisheria la hicho kitu waachie wanaolijua, usilichague wewe kwa sababu linasikika la kiofisi. Mimi nilidhani kuwa mkweli ni kuandika pesa. Nikawa nimeandika theluthi moja ya ukweli.

Sisemi kila mwenye mgeni yuko salama. Ukiwa na wageni wawili watatu wanaolipa kwa pamoja, au umemtengea mtu jiko lake na mlango wake, hesabu ni nyingine. Tafuta mtu mwenye ujuzi kabla ya kusaini.

Wenye uzoefu wa kuhamisha pesa za mauzo kwenda Tanzania, na jinsi mamlaka ya kodi kule inavyozitazama, naomba mniandikie hapa chini, huko bado ni mwanafunzi. Waliowahi kulala chumba cha nyuma cha mtu na wao wasimulie walichokuwa wanakula.

Kwa wanaotaka tarakimu tu: kodi niliyotajiwa pauni 10,140, niliyolipa serikali sifuri, ada ya Bi Nasreen pauni 180. Iliyookoka ni pauni 9,960.