Tarti Mbili Zisizo na Tone la Maziwa

Enzi zetu tumbo la mtoto halikuwa na ruhusa ya kutoa maoni. Ulikula kilichowekwa mezani, na kama kilikukataa, mwenye kosa ulikuwa wewe, si chakula. Leo binti yangu Nadine hutangaza habari za tumbo lake kabla hata hajasalimia watu, na neno "laktozi", ile sukari ya maziwa, hulitamka kwa upole, kama anayetaja jina la mchumba. Sisi tuliokulia mtaa wa Mabanga hatukuwa na laktozi. Tulikuwa na kudeka, na dawa ya kudeka ilijulikana.

Tumbo langu lilikataa maziwa. Ningekuwa mtoto wa fundi cherehani, jambo hilo lingekuwa dogo. Lakini papa, yaani baba yangu, alikuwa mwana wa wafugaji wa vilima vya Masisi. Alikuwa karani mjini, alivaa tai, na ng'ombe aliwaona mara mbili kwa mwaka akiwa amevaa viatu visivyofaa kabisa kwa kazi hiyo. Hata hivyo aliwazungumzia kama watu wengine wanavyowazungumzia wajomba waliosoma Ulaya. Kila Jumamosi lori lilituletea bidoni, yaani dumu, la maziwa na duara la fromaji, ile jibini ya kwetu. Papa alikunywa glasi ya kwanza akiwa amesimama wima, kama anayesikiliza wimbo wa taifa. Ya pili ilikuwa yangu. Dakika kumi baadaye nilikuwa nyuma ya nyumba, nimeinama juu ya mawe meusi ya volkano, nikiurudisha urithi wa mababu.

Mama alitoka upande wa Bukavu, na alikuwa amelelewa na masista. Huko ndiko alikojifunza kupika tarti. Unga wa ngano aliukanda na siagi, akautandaza kwenye bati, akaujaza viazi vya Kibumba vilivyopondwa na maziwa, vitunguu na karoti, kisha juu akakuna fromaji. Tanuri hatukuwa nalo. Alipanga mawe matatu ndani ya sufuria kubwa, bati likakaa juu ya mawe, akafunika, na juu ya kifuniko akaweka makaa yanayowaka. Siku ya tarti majirani walikumbuka ghafla vitu walivyoazima kwetu, wakaja kuvirudisha.

Siku aliyonikuta nyuma ya nyumba hakunigombeza. Alinipangusa mdomo kwa ncha ya kitenge, akaenda sokoni, akarudi na karanga na maparachichi. Alilowesha karanga, akazitwanga, akazikamua ndani ya kitambaa mpaka ukatoka uji mweupe ambao ungemdanganya hata ndama. Parachichi lililoiva lilichukua nafasi ya siagi. Tone la mawese lilisahihisha rangi. Juu, badala ya fromaji, aliweka viazi vilivyokunwa na chumvi nyingi, vikakauka kwa moto wa juu mpaka vikawa vya dhahabu. Nilikula vipande vitatu, nikangoja. Tumbo lilinyamaza.

"Faustin," mama aliniambia, "hii ni ya mi na weye. Papa asijue. Na kama padri haulizi, usimuambie."

Basi tukaishi hivyo, wahalifu wawili wa karanga, mpaka mwaka wa komunyo yangu ya kwanza.

Katika ukoo wetu, mjukuu wa kiume akishapata komunyo hupewa na koko, yaani mama yake papa, mtamba wake, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Binamu zangu wote walikuwa na mitamba yao. Katika sikukuu za ukoo, mwenye mtamba alikaa na wanaume na kuulizwa, "Eko aje, ng'ombe yako?" Asiye na mtamba alitumwa kuchota maji pamoja na wageni. Mimi nilikuwa nimeshajisifu shuleni kwa mwaka mzima. Wangu alikuwa ameshapewa jina, pembe, na tabia nzuri. Alichokosa ni kuwepo tu.

Wiki moja baada ya komunyo, koko aliteremka kutoka Masisi na Muzee Bahati, mchungaji wake, mtu mrefu aliyekuwa na maneno machache kama fimbo yake. Kumbe uvumi ulikuwa umeshapanda vilima. Koko hakukaa hata kwenye kiti.

"Nasikia kwenu hapa kuko mutoto anarudisha maziwa," alisema. "Mutu kama huyo namupatia ng'ombe ya nini? Ya kupiga naye picha?"

Papa alicheka kicheko cha ofisini. "Mama, ni maneno ya batu. Mutoto wangu?"

"Basi anywe hapa, mbele ya macho yangu." Akaweka bidoni katikati ya sebule.

Nililitazama bidoni, nalo likanitazama. Hapo mama akatokea mlangoni akifuta mikono, akasema uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kuungama. "Koko, kwetu Bukavu maziwa ya mukubwa haimwagwi tu kwa glasi. Ni kukosa heshima. Inapikwa ndani ya tarti, ndiyo mutoto anaikula yote, hata tone halibaki."

Desturi hiyo haikuwepo Bukavu wala mahali pengine duniani, lakini ilikuwa na neno heshima ndani yake, na koko hakuweza kuipinga. Mama alichukua bidoni akaenda jikoni. Nikasikia karanga zikitwangwa. Kisha nikasikia, kutoka ng'ambo ya ukuta, sauti ya jirani yetu ikipaza, "Eh, Mama Faustin, aksanti sana! Maziwa yote hii?" Nilikohoa kwa nguvu. Nilikohoa mpaka papa akaniuliza kama nina kifaduro.

Tarti ikaja. Nikala kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Koko alinihesabia dakika kwa saa ya papa. Sikuinuka. Uso wake ukaanza kulainika, akakata kipande chake mwenyewe, akatafuna huku amefumba macho.

"Gaju," alisema kwa sauti ya sala. "Hii ni maziwa ya Gaju yangu. Naijua."

Mambo yangeishia hapo. Lakini papa naye alikuwa ameonja, na papa alikuwa mtoto wa mama yake.

"Mama, hapana. Hii ni Bihogo. Maziwa ya Gaju iko mepesi."

"Mepesi? Weye unakunywa ya ndani ya bidoni, utajua nini? Karani!"

"Bihogo, mama. Nasikia mpaka majani yake."

Usiniulize jinsi mtu anavyosikia majani ndani ya parachichi. Waligombana robo saa nzima. Koko alitaja ukoo wa Gaju mpaka bibi yake wa nne. Papa alisimama na kulegeza tai, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye misiba. Mwishowe koko akatoa amri. Mtamba wangu utatoka kwa ng'ombe ambaye maziwa yake yamekaa vizuri tumboni mwangu, kwa hiyo lazima ng'ombe huyo ajulikane. Mlangoni walikuwa wameacha vibidoni viwili zaidi: kimoja cha Gaju, kingine cha Bihogo. Zipikwe tarti mbili, kila moja na maziwa yake. Na hakimu awe Muzee Bahati, aliyewachunga wote wawili tangu wakiwa na meno ya kwanza.

Nilimfuata mama jikoni. Alikuwa akitwanga huku mikono yake inatetemeka, na karanga zinaruka kutoka kwenye kinu. "Mama, na akijua?" Alizidisha chumvi kwenye tarti moja, akaacha nyingine bila, basi. Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti kati ya Gaju na Bihogo.

Muzee Bahati alionja ya kwanza. Akaonja ya pili. Akarudi kwenye ya kwanza. Alitafuna polepole, na ghafla akaacha kutafuna, akamtazama mama. Mama alitazama sakafu. Kwangu mtamba alikuwa ameshakufa, pembe na kila kitu.

"Muzee, sema," koko alihimiza.

"Zote ni ng'ombe moja," alisema.

Papa akafungua mdomo. Muzee Bahati akainua mkono.

"Ni Gaju, nilijaza vibidoni yote mbili kwake. Lakini wiki hii nilimulisha kwenye majani ya Bihogo. Ndiyo maana munasikia bote wawili. Munasema kweli, mama na mutoto wake."

Sijaona tena hukumu iliyowafurahisha washtaki wote namna hiyo. Koko alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanipa mtoto wa Gaju. Papa alifunga tai upya.

Jioni, walipokuwa wakijiandaa kuondoka, Muzee Bahati alipita jikoni kama anayetafuta maji. Mama alianza kusema kitu. Alimkatiza. "Mi pia," alinong'ona, "maziwa inanikataa tangu utoto. Natapika. Hakuna mutu anajua. Munifungie kipande." Mama alimfungia tarti nzima kwenye jani la mgomba. Tangu hapo, kila Jumamosi lori lililoleta maziwa ya ng'ombe wangu lilirudi Masisi na kifurushi cha mchungaji wake.

Papa alifariki akiamini kwamba ilikuwa Bihogo. Ng'ombe wa vilima vile walimalizwa na vita, wangu pamoja nao, na mama hayupo tena. Nadine anakaa mtaa wa Katindo, na Jumapili iliyopita alituletea tarti yake isiyo na maziwa, aliyoifuata hatua kwa hatua kwenye simu. Kabla ya kuikata, aliipiga picha kutoka pande sita na kutueleza mezani, kwa sauti ya mwalimu, kila kitu ambacho hakimo ndani. Watu walisema "ah bon", yaani kumbe, wakapitishiana chumvi. Hakuna aliyeshtuka, hakuna aliyekohoa, na hakuna ng'ombe aliyetetewa. Ilikuwa tarti nzuri. Tena haikuungua chini kama zile za mama.

Namfurahia kwamba hana la kuficha. Nilikula vipande viwili, na nilipokuwa nikitafuna nilijikuta namwonea huruma kidogo, na sikujua nimweleze vipi sababu. Hajawahi kula chakula alichopikiwa na mtu aliyekuwa akitetemeka kwa ajili yake.