Kikohozi cha Kadija

Awuor alikuwa na sheria moja ya kusimulia hadithi, na aliipata kazini, wala hakufundishwa na mtu.

Kazi yake ilikuwa kuchambua waridi katika shamba moja la maua karibu na Kamere, ukingoni mwa Ziwa Naivasha. Unasimama mezani, unainua shina moja baada ya jingine, unatazama majani, unatazama kichwa cha ua. Ukiona doa la kijivu, hata liwe dogo kama kichwa cha pini, unatupa ua zima. Mgeni angeona ni hasara tupu. Lakini doa hilo likifungiwa ndani ya boksi, litafika ng'ambo limekuwa uozo, na maua ya jirani yameoza nalo.

"Doa halidanganyi," Awuor alizoea kusema. "Ni dogo tu."

Basi hadithi zake nazo alizitia madoa. Saa ya chakula, wanawake walipokaa na githeri yao ya mahindi na maharagwe kwenye benchi refu nyuma ya banda, aliwasimulia hadithi moja iliyoweza kwenda wiki nzima, au hata mwezi. Mahali fulani mwanzoni aliweka kitu kidogo, kisha akakipita haraka kama asiyekijali: kifungo kilichokatika shatini, mbwa aliyekataa nyama. Siku ya mwisho kitu kile kilirudi, na benchi zima likaguna.

"Kikiwa kikubwa mtakingoja kama gari," alimweleza Wangare, rafiki yake wa meza moja. "Kikikosekana, mwisho unakuwa kama mtu amewamwagia maji kutoka dirishani. Kiwe kidogo, kiwe cha kweli. Na ukishakitaja, usikikane."

"Na wewe unajuaje mwisho kabla hujaanza?"

"Mimi sijui. Doa ndilo linajua."

Miaka yote Awuor alikaa katikati ya benchi. Mwaka jana akahamia mwisho, upande wa wazi unaopigwa na upepo wa ziwa, akisema sauti inasafiri vizuri kutokea pale. Hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, wakati oda za Valentaini zinaanza kuwachosha watu miguu, akaanza hadithi ya Kadija. Kadija alikuwa msichana wa Nakuru, mpika mahamri karibu na stesheni ya reli, aliyechumbiwa na fundi cherehani aitwaye Nasrudin. Fundi alikuwa akimshonea nguo ya harusi kwa mkono wake mwenyewe, na ilibaki kutiwa lesi tu. Kadija akavuka reli kwenda kupimwa nguo. Hapo ndipo Awuor aliposhikwa na kikohozi.

Kilikuwa kirefu, cha kumkunja mtu. Chelimo, ambaye hakosi mzaha kwenye benchi lile, aliacha kijiko hewani. Wanawake wakatazamana.

Awuor akapangusa mdomo. Akaziona nyuso zile, akazijua.

"Ndivyo alivyokohoa Kadija," akasema.

Benchi likacheka kwa kuridhika. "Huyu mathe angekuwa kwa TV," Chelimo akasema. "Ameniogofya mpaka githeri imepita njia mbaya."

Ngoja nikueleze kwa nini alizijua nyuso zile. Mumewe, Obura, alikufa kwa kifua kikuu. Baada ya mazishi wenzake wa benchi hawakumwambia Awuor neno baya hata moja. Walisogea tu. Msimu mzima nafasi kati yake na Wangare ingetosha watu watatu kukaa, na Awuor alikula githeri yake bila hadithi, maana huwezi kusimulia ukipiga kelele kama muuza sukumawiki. Mtu mwingine angelisahau jambo hilo. Awuor hakuogopa kufa kama alivyoiogopa nafasi ile.

Kwa hiyo kila kikohozi kilipompanda, alikimbilia kwa Kadija. Kadija akakohoa akikanda unga. Akakohoa akimpokea mama mkwe. Wanawake, ambao alikuwa amewafunza mwenyewe kutafuta madoa, wakaanza kubishana kwenye meza za waridi.

"Huyo msichana hafiki harusini," Wangare akasema. "Kikohozi kimetajwa siku ya kwanza kabisa."

"Ni mtego," Chelimo akajibu. "Ni kikubwa sana. Mama Mitchelle haweki doa kubwa hivyo."

Awuor, ambaye wote walimwita Mama Mitchelle kwa jina la binti yake, akawasikia, akaendelea kukata mashina.

Nyumbani hakukuwa na Kadija wa kumsingizia. Pasaka ilipofika, binti yake Mitchelle alikuja kutoka Kiamunyi, anakofanya kazi ya saluni, akalala naye chumba kimoja. Usiku kucha alimsikia akikohoa, na asubuhi akasema: "Vaa viatu, mama. Tunaenda Nakuru."

Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga. Haikuwa kifua kikuu. Ulikuwa uvimbe kwenye pafu, nao ulikuwa umeshatambaa hadi kwenye ini. Alisema wangekuja mwaka uliopita pengine kungekuwa na la kujaribu. Sasa angempa dawa ya maumivu.

Awuor aliuliza swali moja tu. "Hii inaambukiza?"

"Hapana. Haimpati mtu mwingine."

Awuor akaanza kucheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na Mitchelle akamshika bega akidhani hajaelewa alichoambiwa. Alikuwa ameelewa kuliko wote mle ndani.

Jumapili moja mwezi wa tano, wanawake wa benchi walimtembelea nyumbani kwake Kamere. Walileta mkate na sukari. Ziwa lilikuwa limepanda tena, vyumba vya kupanga vya upande wa chini wa ploti vimehamwa, na harufu ya matope ilifika mpaka mlangoni. Awuor alikuwa amelala upande, amepungua sana. Walikaa kitandani, walikaa kwenye ndoo, na hakuna aliyekaa mbali.

Walipokwisha kunywa chai, Wangare akasema, "Ulihamia mwisho wa benchi mwaka jana. Ulikuwa unatafuta hewa."

"Ndiyo."

"Naona doa la pini kwa waridi elfu, na hilo sikuliona."

"Nililiweka vizuri," Awuor akasema.

Chelimo, asiyeweza kukaa kimya, akasema, "Hadithi ya Kadija haijaisha. Si umalizie. Nguo iko tayari, bwana anangoja."

"Mponye, Mama Mitchelle," Wangare akasema. Hakuwa anatania. "Ni hadithi yako. Mponye afike harusini."

"Nimponye na nini?"

"Sema lilikuwa vumbi la unga."

"Vumbi nililitaja siku ya kwanza?"

Wangare akafikiri. "Hapana."

"Sema Nasrudin amepata dawa Mombasa," Chelimo akasema.

"Nasrudin hana mtu Mombasa. Ningemtaja."

Wakaanza kuirudia hadithi yote tangu mahamri ya kwanza, wakipokezana, kila mmoja akitafuta kitu kidogo kilichosahaulika ambacho kingeweza kumwokoa. Paka wa stesheni. Lesi. Shangazi wa Subukia aliyejua mitishamba, kumbe huyo alikuwa wa hadithi nyingine. Awuor aliwasikiliza akiwa amefumba macho. Kwa kila walichotaja, alitikisa kichwa. Walikuwa wamejifunza vizuri. Hawakuacha hata neno moja, na hapakuwa na kitu.

"Ningekuwa nimemwandaa kama wengine," akasema polepole, "ningeweka kitu. Huyu nilimpa kikohozi kwa haraka."

Kisha kikohozi kikampanda. Mitchelle alikimbilia beseni. Kilichukua muda mrefu, na kilipokwisha wanawake walikuwa wanatazama sakafu. Wangare akavua leso yake, akampangusa mdomo.

"Ndivyo alivyokohoa Kadija," Wangare akasema.

Awuor akafumbua macho, akamtazama. "Umesema vibaya," akanong'ona. "Hivyo hata mtoto angejua ni uongo."

"Basi nifunze."

"Kesho."

Hakuna aliyesogea mbali na kitanda. Chelimo akachukua vikombe kwenda kuviosha nje, na maji ya ziwa yalikuwa yamefika kwenye kizingiti cha choo.