Kikohozi Kilichomfukuza Mke wa Mwanangu

Admin, ficha jina langu, na ninyi wa mtaa wa Mususa mtakaonitambua, nyamazeni. Nina miaka hamsini na nane, mjane, nauza maharagwe ya Musienene sokoni Butembo. Nina sukari. Mwaka jana walinikuta na tension pia, yaani presha ya damu, wakanipa kidonge kipya cha kumeza kila asubuhi.

Mwezi huohuo vita vilimfukuza mwanangu wa pekee kutoka upande wa Beni, akanijia na mke wake na mtoto anayenyonya. Mke huyo nitamwita Masika. Hilo halimfichui, Butembo kila nyumba ina Masika wake. Kusema kweli sikumpenda. Mtu anayenyamaza vile jikoni, ananyamazia nini?

Haikupita wiki mbili nikaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, bila mafua, bila homa. Na mdomoni ladha ya chuma, hata mboga ya sombe ilikuwa kama nalamba msumari. Miguu iliniwaka tangu zamani kwa ajili ya sukari, lakini hata hiyo nikamhesabia yeye. Jirani yangu aliniangalia tu akasema, "Mama, hiyo ni karuho. Nani anakupikiaka?" Karuho ni ile sumu ya polepole inayomkausha mtu kwa kikohozi. Kidonge hakuna aliyekitaja, hata mimi.

Nikamlazimisha Masika aonje chakula mbele yangu. Alionja miezi mitatu, hakukohoa, na mimi nikasema kumbe ana dawa ya kujikinga. Siku moja nikamwaga sahani uani, majirani wakiona, nikamwita mchawi. Akapiga magoti. "Mama, hakuna kitu naweka mu chakula. Vita ilinimalizia baba na mama. Nitaenda wapi?" Mwanangu akanisikiliza mimi. Masika akapanda gari la Beni, mtoto mgongoni.

Siku tatu baadaye nilienda kupima tension. Muuguzi alinisikia nikikohoa, akataka kuona dawa zangu.

"Mama, ni hii dawa inakukoholesha. Inafanyaka vile kwa batu bamoja. Tutakubadilishia. Juu ya nini haukusema mbele?"

Ningesema nini, na mchawi wangu nilikuwa nimeshampata?

Kikohozi kiliisha. Lakini sikilizeni vizuri. Kidonge na Masika viliingia kwangu mwezi uleule, vikatoka wiki ileile. Muuguzi anasema ni kidonge. Moyo wangu mbaya unajibu kwamba muuguzi hajui karuho. Nimebakiza kimoja cha zamani kwenye kitambaa. Nimekifungua mara mbili nikitaka kukimeza ili nijue, nikakirudisha. Ninaogopa kukohoa, maana hapo nitakuwa nimemwonea yatima.

Mwanangu hajui alichosema muuguzi. Sijamwambia. Juzi tulisikia kijiji alikokimbilia Masika kimeshambuliwa, watu wamelala porini. Mwanangu akaniuliza, "Mama, hata mutoto nimuache kule?" Nikamjibu, "Muache. Anakula mu mikono ya mama yake, uchawi umeshamuingia." Nilisema hivyo juu ya mjukuu wangu, nikijua ninachokijua. Naona aibu hata kuandika.

Sasa hivi mwanangu yuko uani anaosha pikipiki. Nikimwambia ataenda kuwatafuta kwenye barabara ile, na anaweza kufa, au akarudi nao asiniite mama tena. Nishaurini, nifanye nini? Jibuni haraka, amemaliza kuosha, anatafuta funguo, na hajasema anakwenda wapi.