Zebaki Nyekundu Ndani ya Saa ya Baba

Niliamini, tena kwa nguvu zote, cheti changu cha shule ya jioni kikiwa kimening'inia ukutani kunishuhudia, kwamba ndani ya kila saa ya mfukoni ya zamani kuna tone la zebaki nyekundu. Siyo ile nyeupe. Ile nyeupe sisi wa Mpanda tunaijua, wachimbaji wanakamatia dhahabu kila siku. Hii nyekundu ilikuwa habari nyingine. Haionekani kwenye kioo. Ukiisogezea kitunguu saumu, inakimbia. Tone moja, walisema watu wa kijiweni, linanunua mabasi, madereva wake na barabara yenyewe.

Sasa mfikirie mtu mwenye imani ya namna hiyo anarudi nyumbani Kasokola kutoka Mwese, mgongo umesagwa unga na pikipiki, anakuta saa ya marehemu baba yake imefumuliwa mezani kama kuku wa sikukuu. Pembeni kisu cha jikoni. Pembeni kioo cha kujitazamia. Na kitunguu saumu, kimemenywa.

Alikuwa ni kaka yangu mkubwa, anayelima Kabungu. Alikuja kumsalimia mama, akakuta yuko shambani, akajihudumia.

"Nilikuwa naangalia kwa niaba ya familia," aliniambia kwenye simu.

"Familia ipi? Mimi ni jirani?"

"Sikukuta kitu, mdogo wangu."

"Na kitunguu ulimenya cha nini?"

"Cha kupimia."

"Basi kama kimepima, mzigo uko wapi?"

Akakata simu. Mimi nikakata undugu. Niliandika kwenye kundi la familia kwamba ukoo wetu umeota mwizi, na kwamba kwenye harusi ya binti yake sitatia mguu. Hilo halikuwa jambo dogo. Kwetu, siku hiyo baba mzazi hukaa kimya. Anayesimama kusema na wakwe na kumkabidhi binti ni baba mdogo. Na baba mdogo wa yule binti ni mmoja tu, mimi. Nisipokwenda, wakwe watauliza huyu wanayemchukua ametoka kwa watu gani. Binti alinipigia analia. Nikamwambia amuulize baba yake zebaki iko wapi.

Nilikuwa na hasira ambayo ungeweza kuniinjika chungu cha maharage kichwani yakaiva kabla hujatafuta chumvi. Nikaapa nitaifufua ile saa kwa mikono yangu, ilie, na mlio wake nimtumie kaka kwenye simu ausikilize huku anatafuta mtu wa kusimama mbele ya wakwe zake.

Kazi yangu ni kutengeneza simu mjini, kwa hiyo bisibisi ndogo, kibano na lenzi ninavyo. Nikatandika kitambaa cheupe kwenye sinia, nikawa natoa kila kipande na kukipanga kwa mzunguko, kilichotoka kwanza juu kabisa, ili nikirudisha nianzie mwisho. Saa yenyewe baba aliipata enzi zake za reli, imwamshe awahi treni. Ndani ina spring mbili, moja ya kuendesha mishale, nyingine ya kengele tu. Kuna mshale wa tatu, mfupi, unaouelekeza kwenye saa unayotaka kuamka. Muda ukifika, nyundo ndogo kama jino la panya inagonga chuma kilichojikunja nyuma. Hiyo nyundo kaka alikuwa ameipinda kwa kisu. Spring ya kengele nayo ilichomoka kwenye kulabu yake. Kila skrubu ilikuwa na kovu lake, na kwa kila kovu nilimtukana mtu wa Kabungu tusi jipya.

Nikasafisha magurudumu kwa petroli na mswaki laini. Nikainyoosha nyundo huku nimebana pumzi, maana chuma cha kizee ukikilazimisha kinavunjika. Na hapo ndipo nilipoona, kwenye matundu yanayoshika ncha za magurudumu, vijiwe vyekundu vidogo kama macho ya mende. Vyote vipo. Hakuna hata kimoja kilichoguswa. Mtu mwingine angetulia. Mimi hasira ikapanda upya, kwa sababu nilihitimisha kwamba vile ni vizibo, na kwamba kaka ametumia sindano ya ng'ombe kuinyonya zebaki yote, kisha akavirudishia kwa ustadi. Nikaandika na hilo kwenye kundi.

Siku moja kabla ya harusi nilirudishia kipande cha mwisho, nikazungusha ufunguo wa kengele, nikaisimamisha mezani kwa mfuniko wake wa nyuma. Ikalia. Mlio mkavu, wa haraka, kama kuku anayedonoa bati. Mama alikuwa mkekani anamenya karanga. Mikono ikasimama.

"Ndiyo yenyewe," alisema. Halafu, "Mjukuu wangu amenipigia. Analia. Kaka yako ameiba nini?"

Mama hayumo kwenye kundi. Alijua tumegombana kwa sababu ya saa kuharibika, basi.

"Zebaki nyekundu, mama. Iliyokuwa humu ndani."

Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayeangalia mbuzi aliyepanda juu ya paa.

"Nani alikwambia imo?"

"Watu wote wanajua."

"Na mimi mbona hamkuniuliza? Mmekwenda kukiuliza kitunguu."

"Mama, wewe utajuaje ya ndani ya saa?"

"Baba yenu alikuwa anaifungua hapa kila kiangazi, vumbi likizidi. Mimi ndiye nilikuwa namshikia sahani." Akarudi kwenye karanga zake. "Leta shati lako la harusi ya kesho nilipige pasi. Hivyo vyekundu ni vijiwe vya kuzuia chuma kisilike. Zebaki haimo, baba. Haijawahi kuwemo."